Usiifute Bado: Kompyuta ya Linux Nyumbani Inapogoma Kuhesabu

Mtu akiona BOINC imesimama, jambo la kwanza linalomjia ni kuiondoa na kuiweka upya. Usifanye hivyo. Kwenye kompyuta ya nyumbani huku Kimandolu, Arusha, mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya programu. Uko kwenye umeme uliokatika usiku, saa iliyorudi nyuma, diski iliyojaa, bando lililoisha, au mradi wenyewe ambao hauna kazi ya kugawa. Ukiifuta programu unaweza kufuta na hesabu iliyokwisha kufanywa kwa siku mbili tatu, na ukishaiweka upya itagoma palepale, kwa sababu kilichoisimamisha bado kipo.

Kwa aliyeingia juzi: BOINC ni programu ya bure iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2002. Inachukua hesabu kubwa za kisayansi zilizokatwa vipande vidogo na kuzipeleka kwa watu wa kawaida waliojitolea kompyuta zao. Mashine yako inapokea kipande, inakipigia hesabu wakati haina shughuli nyingi, inarudisha jibu, kisha inaomba kingine. Hakuna malipo.

Huku kwetu tuna sababu ya kulijali jambo hili. Mwaka 2006 ulizinduliwa malariacontrol.net chini ya mpango wa Africa@home, ulioleta pamoja Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel, maabara ya CERN na wenzao. Kompyuta za waliojitolea ziliiga namna malaria inavyosambaa: chandarua kikigawiwa, dawa ikibadilishwa, chanjo ikija, wangapi wataugua na wangapi watanusurika. Mwenendo wa maambukizi kwa majira uliotumika kama kielelezo katika hesabu zile ulitoka Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero. Kwenye majaribio tu, kabla ya uzinduzi, kompyuta 500 zilimaliza hesabu ambayo kompyuta moja ingehitaji miaka 150 kuimaliza. Mradi ule ulifungwa mwaka 2016. Mwaka 2019 ukaja Africa Rainfall Project wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, kupitia World Community Grid, wa kuiga mvua ya Afrika kusini mwa Sahara kwa vipande vya kilomita 1. Anayeishi chini ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa kwa nini kilomita moja ina maana. Tengeru mvua inanyesha na migomba inanawiri. Zunguka mlima uende Oldonyo Sambu, unakutana na vumbi. Ramani ya hali ya hewa yenye vipande vikubwa haiioni tofauti hiyo.

Kwa hiyo kazi iliyokwama kwenye mashine yako ina mtu anayeisubiri. Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwa kompyuta mbili na kulinganisha majibu. Yako ikinyamaza, jibu la mwenzako linakaa foleni mpaka muda wako uishe na kipande kipelekwe kwa mtu wa tatu.

Anza kwa kusoma. Nitachukulia unatumia Ubuntu, Linux Mint au Debian, na kwamba uliiweka programu kwa apt. Fungua terminali uandike:

systemctl status boinc-client

Ukiona "active (running)", programu iko hai na tatizo liko kwingine. Ukiona "inactive", haikuwashwa tu. Iwashe na uiambie ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapoamka:

sudo systemctl enable --now boinc-client

Ukiona "failed", au iko hai lakini haifanyi kazi, soma logi yake:

sudo journalctl -u boinc-client -n 100

Hapo ndipo wengi wanapochoka, kwa sababu mistari ni mingi na imeandikwa kwa Kiingereza. Vumilia. Logi ya BOINC ni ya uwazi kuliko za programu nyingi. Kila inapoamka huanza kwa kujieleza: toleo lake, prosesa uliyonayo, RAM, nafasi ya diski, miradi uliyojiunga nayo. Baada ya utambulisho huo, tafuta mstari wa kwanza wenye malalamiko. Wa mwisho utakupotosha. Kosa moja likitokea saa nane usiku huzaa mengine ishirini kufikia asubuhi, na yale ishirini hayana habari yoyote zaidi ya kwamba la kwanza halijatatuliwa.

Kama terminali inakupa shida na unatumia dirisha la BOINC Manager, logi hiyohiyo iko kwenye menyu ya Tools, sehemu ya Event Log. Lakini wakati mwingine Manager yenyewe hufunguka tupu na kusema haijaunganishwa, au amri ya boinccmd inajibu "Authorization failure". Hiyo si hitilafu ya mradi. Kwenye Linux BOINC huendeshwa na mtumiaji wake wa pekee anayeitwa boinc, na wewe huna ruhusa ya kusoma nywila yake. Jiingize kwenye kundi lake:

sudo usermod -aG boinc $USER

Kisha toka kabisa kwenye akaunti yako na uingie tena. Kufunga dirisha na kulifungua hakutoshi, na hapo watu wengi hudhani amri haikufanya kazi.

Sasa tuje kwenye umeme, maana ndiko matatizo mengi ya huku yanakoanzia.

Kompyuta nyingi za mezani majumbani mwetu ni mtumba wa maofisi ya Ulaya, Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Ni mashine imara na Linux inazipenda. Lakini zimekaa miaka mingi, na ndani yake kuna betri ndogo bapa ya duara, CR2032, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, huijui mpaka umeme ukatike. Unalala ukiwa umeacha hesabu iko asilimia 70. Umeme unakatika saa nane, unarudi saa tisa. Asubuhi unakuta feni inazunguka na kioo cheusi chenye mstari unaokutaka ubonyeze F1 ili uendelee. Mashine haijafika hata kwenye Linux. Imekaa hapo tangu alfajiri, inakula yuniti, haihesabu chochote.

Kubadilisha betri hiyo ni kazi ya dakika kumi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu. Shika chuma cha boksi kwanza, uondoe umeme tuli mwilini. Betri utaiona kwenye ubao mkuu, imebanwa na kibanio kidogo cha chuma. Sukuma kibanio pembeni, itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukikutazama. Zinapatikana madukani kwa mafundi saa na wauzaji wa remoti za magari. Kwa bei yake hakuna sababu ya kununua iliyokwisha kukaa juani.

Ukiwasha, usiende moja kwa moja kwenye Linux. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (kwa Dell ni F2, kwa HP nyingi ni F10) ufanye mambo matatu. Rekebisha tarehe na saa. Tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uuweke mashine iwake yenyewe. Na angalia aina ya uendeshaji wa diski: betri ikifa mipangilio hurudi ya kiwandani, na kwenye baadhi ya Dell hiyo huwa RAID. Kama Linux yako iliwekwa ikiwa AHCI, irudishe AHCI, la sivyo mashine inaweza isiione diski na ukadhani imekufa. Watu wamewahi kununua diski mpya kwa sababu ya mpangilio huu.

Saa iliyoharibika ina madhara mengine ambayo hayaonekani haraka. Seva za miradi zinazungumza na kompyuta yako kwa njia iliyofungwa kwa vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa nyuma, cheti kilichotolewa wiki iliyopita kinaonekana bado hakijaanza. Linux za sasa hujinusuru kidogo kwa kuanzia pale saa ilipoishia mara ya mwisho, lakini kompyuta iliyozimwa wiki mbili na kuamka bila intaneti itabaki nyuma kwa wiki mbili. Kwenye logi utaona:

Scheduler request failed: Peer certificate cannot be authenticated with given CA certificates

Kabla ya kumlaumu yeyote, andika timedatectl. Soma tarehe yote, pamoja na mwaka. Mstari wa "System clock synchronized" uwe na "yes", na eneo liwe Africa/Dar_es_Salaam. Kama si hivyo, unganisha intaneti na uandike:

sudo timedatectl set-ntp true

Kama saa iko mbele au nyuma kwa saa 3 kamili, na kompyuta hiyo ina Windows na Linux pamoja, hao wawili wanagombania saa: Windows inaandika saa ya Tanzania, Linux inaisoma kana kwamba ni ya Greenwich. Amri ya sudo timedatectl set-local-rtc 1 inawapatanisha. Usiipuuze tofauti hiyo ukisema ni saa tatu tu. Saa ikiwa mbele sana, BOINC inaona kazi zimepitwa na muda na kuzitupa kabla hazijaanza.

Kama saa iko sawa na bado cheti kinakataliwa, huenda Linux yako ni ya zamani. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti cha msingi ambacho tovuti nyingi duniani zilikitegemea, na mifumo isiyosasishwa tangu hapo bado inajikwaa. Jaribu kuviweka vyeti upya:

sudo apt update && sudo apt install --reinstall ca-certificates

Ikishindikana, suluhisho ni kuhamia toleo jipya la Linux. Kuhangaika na toleo ambalo halipati tena masasisho ni kujitesa, na kwa usalama wako mwingine wote pia si vizuri.

Umeme ukikatika ghafla huumiza pia diski. Dalili za shida ya diski, ya umeme au ya kujaa, ni logi kusema "Read-only file system" au "No space left on device". Ya pili ni rahisi: andika df -h uone kama sehemu kuu imefika asilimia 100. Mara nyingi imejazwa na masasisho ya zamani na logi za mfumo. Amri za sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M hurudisha nafasi bila kugusa faili zako. Kumbuka BOINC yenyewe ina kikomo chake cha diski kwenye mipangilio, kwa hiyo inaweza kulalamika haina nafasi ilhali wewe unaona GB 100 zimekaa bure.

Ya kwanza ni nzito zaidi. Linux imegundua kasoro kwenye mfumo wa faili ikajifunga isiandike, ili isiharibu zaidi. Usilazimishe. Washa kompyuta kwa flashi ya kuwekea Linux, ukague sehemu ile kwa fsck ikiwa haijafunguliwa, halafu weka kifurushi cha smartmontools na uandike sudo smartctl -H /dev/sda. Jibu likiwa tofauti na "PASSED", hamisha picha na nyaraka za familia leo, na mambo ya sayansi yasubiri.

Faili la BOINC lenyewe likiharibika baada ya umeme kukatika, lina akiba. Hali yote ya kazi imo kwenye /var/lib/boinc-client, katika client_state.xml, na pembeni kuna client_state_prev.xml yenye hali ya hatua iliyotangulia. Programu hujaribu kujiokoa nayo yenyewe. Ikishindwa, simamisha huduma kwanza (sudo systemctl stop boinc-client), nakili folda nzima mahali pengine, ndipo urudishe lile la akiba. Atakayegusa mafaili hayo huku programu inakimbia ataandikiwa juu ndani ya dakika.

Kuna swali linaloulizwa sana: kazi ilikuwa asilimia 40, nimewasha tena imerudi 25, imeharibika? Hapana. Kazi nyingi huhifadhi hatua zake kwa vipindi zinavyojipangia; umeme ukikatika zinarudi hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Miradi mingine huhifadhi kila baada ya dakika chache. Kazi za mvua za Africa Rainfall ni nzito na huhifadhi mara chache, kila sehemu ya nane ya safari, kwa hiyo kwenye mashine ya polepole kukatika kwa umeme kunaweza kula saa kadhaa. Ukiwa unaishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na huna UPS, chagua miradi yenye kazi fupi. Laptopu yenye betri nzima ni bora zaidi kwa hili kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu, lakini hakikisha umeruhusu ihesabu ikiwa kwenye betri. Vinginevyo logi itasema "Suspending computation - on batteries" kila umeme unapokwenda.

Lakini kama asilimia zinarudi nyuma hata umeme haujakatika, shida ni nyingine. Fungua mipangilio ya Computing preferences. Kuna sehemu inayoagiza kazi zisimame wakati wewe unaitumia kompyuta. Kugusa kibodi au kipanya kunatosha kuzisimamisha. Kila kazi ikisimama hivyo inaondolewa kwenye RAM, na ikirudi inaanzia hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Mchana kutwa inapiga hatua mbili inarudi mbili. Weka alama kwenye chaguo la kuacha kazi ndani ya RAM zinaposimamishwa. Hilo peke yake limefufua mashine nyingi zilizodhaniwa mbovu.

Ukiona "Waiting for memory", RAM haitoshi. Mashine ya GB 4 yenye prosesa nne haiwezi kubeba kazi nne kubwa kwa pamoja. Punguza idadi ya prosesa zinazotumika mpaka asilimia 50. Dawa hiyohiyo inafaa kwa joto. Arusha ina baridi nzuri, hasa Juni na Julai, lakini kiangazi vumbi la barabara zisizo na lami linaingia mpaka ndani ya feni. Weka lm-sensors, andika sensors, na ukiona prosesa inakaa juu ya nyuzi 85 kwa muda mrefu, ifungue uipulize nje ya nyumba, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Usitumie ile njia ya kupunguza asilimia ya muda wa prosesa kama unaweza kupunguza idadi ya prosesa. Ya kwanza inawasha na kuzima kazi kila sekunde, na feni inapanda na kushuka mfululizo.

Kazi zinazoisha kwa "Computation error" sekunde chache tu baada ya kuanza zinaonyesha mara nyingi kwamba kuna maktaba ya mfumo iliyokosekana. Soma taarifa ya kazi hiyo kwenye ukurasa wako wa mradi. Ukikuta "error while loading shared libraries", jina la kilichokosekana limeandikwa mbele yake; litafute kwa apt. Ukikuta inasema faili halipo wakati unaliona lipo, programu ya mradi ni ya biti 32 na Linux yako ni ya biti 64 tupu. Climateprediction.net, wanaoiga tabianchi, wanajulikana kwa hili:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386

Kazi zikifeli baada ya masaa, kila moja mahali tofauti, shuku joto au RAM mbovu. Memtest86+ iachwe ikimbie usiku mzima. Na mstari wa "No usable GPUs found" usikukoseshe usingizi. Unamaanisha huna kadi ya grafiki inayofaa, na miradi mingi haiihitaji.

Kwenye mtandao, BOINC inajitahidi kukuambia kosa ni la nani. Ikishindwa kuufikia mradi, inajaribu tovuti nyingine kubwa ili kupima. Ikiandika "Internet access OK - project servers may be temporarily down", wewe umekaa vizuri. Wenyewe ndio wamelala. Ikiandika "BOINC can't access Internet", angalia bando, simu unayochukulia hotspot, na ukurasa wa kuingia kama unatumia Wi-Fi ya kulipia. Ikishindwa mara kadhaa inaongeza muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, kwa hiyo bando likirudi usikae ukiitazama. Bonyeza Update kwenye mradi.

Kwa wa bando la usiku, mipangilio inakuruhusu kuweka saa za kupakua na kikomo cha MB kwa siku kadhaa. Hapo pana mtego mmoja. Programu inahesabu saa 24 kuanzia saa sita usiku. Ukitaka mtandao utumike saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, andika 0:00 hadi 5:00. Ukiandika 6:00 hadi 11:00 kwa mazoea yetu, itakula bando la mchana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Halafu kuna ukimya ambao si ugonjwa. "Project has no tasks available" ni taarifa tu: mradi hauna kazi leo. SETI@home, uliofungua njia mwaka 1999, uliacha kutuma kazi tarehe 31 Machi 2020, na bado maelekezo ya zamani yanawapeleka watu huko. World Community Grid ilipohama kutoka IBM kwenda Taasisi ya Krembil ya Toronto mwaka 2022, ilikaa miezi bila kugawa kazi, na waliojitolea wengi walifumua kompyuta zao wakitafuta kosa ambalo halikuwepo. Jiunge na miradi miwili au mitatu, kama Einstein@Home na Rosetta@home, ili mmoja ukikauka mashine isikae bure. Na kabla ya kuhangaika, hakikisha hukubonyeza "No new tasks" mwenyewe ukasahau. Logi itakukumbusha kwa maneno hayohayo.

Niseme kuhusu LUKU, maana BOINC nyingi mitaani kwetu huzimwa na ugomvi wa mita kabla ya hitilafu yoyote. Kompyuta inayokula wati 60 mchana na usiku hutumia yuniti 43 hivi kwa mwezi. Nyumba zenye wastani wa yuniti 75 au pungufu kwa mwezi ziko kwenye daraja la bei nafuu. Ukivuka, bei ya yuniti inapanda zaidi ya mara mbili, na inapanda kwa nyumba nzima. Kama mnashirikiana mita na wapangaji wenzako, waeleze mapema, tena uchangie zaidi bila kusubiri kuambiwa. Mama mwenye nyumba akiuliza mbona yuniti zinaisha tarehe kumi na tano, jibu la "ni sayansi, mama" halitatosha. Weka mashine ihesabu saa nane kwa siku badala ya ishirini na nne. Mchango wako utakuwa mdogo lakini utadumu. Nunua hata kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, ujue mashine yako inakula wati ngapi hasa, kwani za mtumba hutofautiana sana.

Ukimwomba mtu msaada, mpelekee mistari ya utambulisho kutoka pale programu ilipoamka, mstari wa kwanza wa kosa na mitano inayoufuata, na jina la toleo la Linux. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu, nusu imekatwa, inampotezea muda. Futa kwanza akaunti na nywila kama zimo.

Desemba ikifika na unafunga nyumba kwenda Moshi au kijijini kwenu, usizime ghafla. Siku tatu nne kabla, bonyeza "No new tasks" kwenye kila mradi, uache zilizopo ziishe. Zikishaisha na kupakiwa, bonyeza Update mara moja ili ziripotiwe. Kazi iliyokamilika lakini haijaripotiwa inaweza kupitwa na muda ikiwa imekaa ndani ya mashine iliyozimwa. Hakikisha orodha ya kazi iko tupu, zima, chomoa waya ukutani, na ufunike kompyuta kwa kitambaa.